Mavazi ni Hiari

Blacktown, Sydney
9 Machi 2025

Mwanangu Avelina,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapoandika barua yenye jambo gumu ni kuanza na jambo lenyewe. Msomaji anashtuka mlangoni, na mtu aliyeshtuka hasomi tena, anatafuta tu la kujibu. Kwa hiyo mimi nitaanza na salamu, na wewe tafadhali usirukie ukurasa wa pili.

Hujambo? Mimi ni mzima, ila joto la huku mwaka huu limetunyoosha. Nyumba ninayopanga ni ya mbao na bati, kwa hiyo jioni nakaa uani nasoma mpaka ndani papoe. Kule kwenye nyumba ya wazee, Parramatta, bado wananipa zamu za asubuhi, zile za kuogesha. Nasikia magoti ya mama yako yamerudi kumsumbua. Mwambie aache kupanda kile kilima cha kanisani mbio kama msichana.

Picha ya kitambaa nimeipata. Damu ya mzee ni rangi nzuri kwa suti ya harusi, haipigi kelele na haionyeshi vumbi. Vipimo vyangu ni vile ulivyonavyo, ila kiunoni fundi aongeze kidogo. Tulipomzika baba yako nilisema kwamba siku yako ikifika nitakushika mkono mimi mpaka madhabahuni, na tiketi ya Novemba nimeshaanza kuiulizia.

Sasa jambo. Ulinitumia ujumbe wa maneno matatu, "Mjomba, ni kweli?", kisha ukanyamaza. Sikukujibu kwa simu kwa sababu sauti ya kwenye simu inasambazwa kwa kidole kimoja, kama tulivyoona. Karatasi lazima mtu aibebe.

Kila mwaka jumuiya yetu ya kanisa, ya Waswahili wa hapa Blacktown, huenda mafungo. Tumo Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo, na sote tunaiita safari hiyo ritriti, kwa kuwa makwetu ritriti ni kufunga, kuomba na kulala kwenye vitanda vibaya. Hatukujua kwamba kwa wenyeji wa huku neno hilo hilo ni mapumziko ya mtu yeyote anayetaka kujitenga, kwa sababu yoyote aliyonayo.

Katibu wetu ni Chebet, muuguzi, Mkenya anayekaa Ingleburn. Mwaka huu alitafuta mahali kwenye mtandao, akatuandikia kwamba amepata shamba zuri kaskazini ya mji, ng'ambo ya mto Hawkesbury, lenye vibanda vya mbao na bwawa la kuogelea. Mwisho wa ujumbe aliandika: Mavazi ni hiari. Nawe unajua tulivyosoma. Tulisoma kama inavyoandikwa kwenye kadi za kwenu: sare hailazimishwi. Kina mama walifurahi sana, kwa sababu mwaka uliotangulia waligombana juu ya kitenge mpaka wawili wakahama kanisa.

Tulifika kwa basi Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Aliyetufungulia geti alikuwa bibi wa umri wangu, anaitwa Noelene, amevaa kofia pana ya jua na mabuti ya mvua. Kati ya kofia na mabuti hapakuwa na kitu. Alitukaribisha kwa furaha ya kweli. Nyuma yake, kwenye nyasi, wazee wenzake walikuwa wamelala kwenye viti vya kitambaa, wengine wanasoma magazeti, wote kama walivyozaliwa.

Kisha Chebet akasema, "Wazee wangu, hapa sio kwetu. Ingieni gari." Na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshuka. Mama Bibiane, yule mzee wa Kirundi niliyewahi kukusimulia, akasema yeye alikimbia vita akiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, hawezi kukimbizwa na matiti ya bibi mwenzake, tena ana njaa. Lakini dereva alikuwa ameshageuza.

Mimi nilishuka. Nilibaki mpaka Jumapili jioni, nikarudi kwa treni. Hilo ndilo lililotokea, mengine ni ya watu.

Wasalimie nyumbani.

Mjomba wako,
Dunstan


Mbeya
28 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika wiki hii, ilikaa posta sikukuu yote ya Pasaka. Sisi tuko salama. Mvua zimenyesha vizuri, mahindi ya mama yamesimama, na magoti yake yana nafuu kidogo. Anakusalimu sana. Anasema unapungua kwenye picha, na kwamba kiuno cha kuongezwa hakionekani.

Nimesoma barua yote, sikuruka. Sasa naomba na wewe usiruke.

Baba yake Lusekelo ni mzee wa kanisa, unajua. Mpwa wake anakaa Sydney, kanisa jingine, na ndiye aliyemtumia ile sauti aliyoirekodi Chebet kwenye simu. Waliisikiliza sebuleni, Lusekelo mchumba wangu yupo, mama mkwe yupo, mimi nimeshika trei ya chai. Chebet anasema hivi: "Mzee Dunstan ndiye alituonyesha hiyo place. Na ndiye alibaki. Jijazieni." Mama mkwe akacheka. Lusekelo akachukua trei mikononi mwangu akaiweka chini.

Wewe unaniandikia habari za kofia na mabuti. Mjomba, mimi sicheki. Baba mkwe amesema mtu wa namna hiyo hawezi kumleta bibi harusi mbele ya madhabahu ya kanisa lake. Lusekelo amewabembeleza mpaka wamekubali jambo moja. Uwaandikie barua, kwa mkono wako, kwamba hukwenda. Siku hiyo ulikuwa kazini. Wao wenyewe wanajua ulikwenda, mjomba, hawana shida na hilo. Wanachotaka ni karatasi ya kushika mtu akiwauliza.

Fundi wa Mwanjelwa ameniuliza kama akate kitambaa chako au asubiri. Nimemwambia asubiri kidogo.

Na jambo moja mimi mwenyewe nataka kujua. Kwa nini hukurudi na wenzako?

Avelina


Blacktown
25 Mei 2025

Mwanangu Avelina,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mahindi. Huku baridi imeanza, ile ya asubuhi inayoingia kwenye vidole, na wazee wangu kazini hawataki kuoga. Mama Bibiane alinipigia simu juzi kuniuliza yule bibi wa kofia alipika nini siku ile. Nilimwambia, akasikitika. Huyo na mmoja mwingine ndio wanaonisalimia kanisani. Wengine wananipa mkono na kutazama viatu vyangu.

Mwambie mama yako sijapungua, ni shati.

Nitajibu uliyouliza kwa mpangilio wangu, nivumilie. Kwanza hili neno hiari, kwa maana naona ndilo lililotufikisha hapa. Ulipokuwa darasa la tano ulirudi nyumbani unalia kwa sababu mwalimu alikutoa nje kwa kukosa mchango wa hiari. Ulimuuliza baba yako, kama ni wa hiari kwa nini nimetolewa? Akakuleta kwangu. Nikakueleza kwamba kwetu hiari ni amri iliyofundishwa adabu. Kadi ikisema mchango ni hiari, ole wako usichange. Tumeishi na maana hiyo muda mrefu mpaka maana nyingine imekufa. Ndiyo maana hao wakwe zako hawawezi kuamini kwamba mtu anaweza kulala mahali ambapo mavazi ni hiari na asivue. Na ndiyo maana hawajauliza. Kwao swali limeshajijibu.

Kule shambani neno hilo lina maana yake ya kamusi. Aliyetaka kuvaa alivaa, na hakuna aliyemgusa bega.

Pili, kwa nini sikurudi. Bibi Noelene alikuwa ametandika meza. Aliambiwa linakuja kundi la kanisa, akafurahi, kwa kuwa watu wa makanisa hawajawahi kumtembelea isipokuwa kuweka karatasi kwenye geti lake za kumwambia atubu. Alimpigia Chebet kumuuliza kama tunajua habari ya mavazi, na Chebet akamjibu kwamba watu wetu hawana ubaguzi, kila mmoja atakuja alivyojaliwa. Kwa hiyo alipika. Palikuwa na kuku, viazi, kabichi, na skonzi zilizofunikwa kwa kitambaa safi. Niliona meza hiyo kupitia dirisha la basi, na nikaona uso wake basi lilipogeuka. Wewe umelelewa na mama yako. Unajua mtu akipika halafu wageni wakarudia getini inakuwaje. Nilishuka kuomba radhi na kula kidogo. Nikiwa kwenye ngazi za basi niliwaambia wanisubiri. Hawakunisubiri.

Sasa barua unayoitaka. Siwezi kuiandika, Avelina. Nimekufundisha kusoma mimi, kwa chaki, kwenye mlango wa stoo. Sitaandika kwa mkono ule ule kwamba nilikuwa mahali sikuwapo. Nitakachoandika, kama kitasaidia, ni hiki: Dunstan alikwenda na jumuiya yake, si yeye aliyechagua mahali, na akabaki kwa sababu kulikuwa na chakula mezani na basi likamwacha. Kipo kwenye karatasi ya pili, nimekitia sahihi. Chebet mwache. Ana watoto na hana mume, na jumuiya ikimgeukia yeye hana pengine pa kwenda. Mimi wakinigeukia nina kiti changu uani.

Mwambie fundi akate.

Mjomba Dunstan


Mbeya
10 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hapa ni baridi, ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mahindi tumevuna. Mama yupo.

Karatasi yako ya pili niliipeleka. Baba mkwe aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Mwalimu ameeleza kila kitu isipokuwa tulichouliza." Na mjomba, ni kweli. Umeandika kuku, umeandika viazi, umeandika mpaka kitambaa cha kufunikia skonzi. Umeandika alichovaa yule bibi na asichovaa. Wewe mwenyewe umejiandika kama mtu asiyekuwa na mwili.

Unamhurumia Chebet. Unamhurumia yule Mzungu kwa kuku wake. Mimi nimesimama sokoni Mwanjelwa, mwanamke ninayenunua kwake vitunguu tangu niko sekondari ananiambia, "Mjomba wenu na wenzake kule wanatembea hewani bila nguo, eti?" Wenzake wakageuka kunitazama kifuani, kama vile mimi ndiye. Huko mtu akivua nguo anazivaa tena akaenda zake. Huku niliyebaki bila nguo ni mimi.

Lusekelo amepigana sana. Sitaki uelewe vinginevyo, ananipenda. Amerudi na neno la mwisho la baba yake. Uandike sentensi moja tu: Sikuvua. Itasomwa mbele ya wazee wa kanisa, wataandika kwamba imesomwa, na utanishika mkono Novemba kama tulivyopanga. Safari hii hakuna anayekuomba useme hukuwapo.

Ulivua au hukuvua? Nimekaa na swali hilo tangu Machi na nimegundua kwamba hata jibu silitaki. Sikuulizi ukweli, mjomba. Nakuomba sentensi.

Fundi anasubiri.

Avelina


Blacktown
17 Agosti 2025

Mwanangu Avelina,

Umeandika kwamba mama yako yupo. Katika barua ya kwanza alinisalimu na akanitania habari ya kiuno. Nilikuwa mwalimu wa lugha miaka mingi kabla ya kuja huku, najua tofauti ya sentensi hizo mbili. Mwambie nimesoma.

Mimi nilikuwa na kikohozi, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Si kweli. Kikohozi kilikuwapo lakini hakikushika kalamu. Nilichelewa kwa sababu sentensi unayoitaka ningeweza kuiandika kwa siku ya kwanza bila kusema uongo, na nilikaa wiki kadhaa nikiitamani. Jumamosi yote sikuvua hata soksi. Nilikaa mezani na shati langu la mikono mirefu na tai, wote wamenizunguka hawana kitu, na nakuhakikishia kwamba palipo na watu wa namna hiyo anayetazamwa ni aliyevaa. Ningeandika "sikuvua" na ingekuwa kweli mpaka machweo. Baba mkwe wako asingeuliza habari ya Jumapili, maana kwake siku hiyo ingekuwa ya ibada.

Jumapili asubuhi nilivua.

Sasa nitakueleza kwa nini. Ni maelezo, na hayambadilishi mtu. Kazi yangu huku unaijua kwa jina lake tu. Kila asubuhi naingia bafuni na mzee wa watu ambaye sijazaliwa naye, mimi nimevaa sare ya kazi, glavu na buti, yeye hana kitu. Wiki ya kwanza wote wanafanya jambo moja. Wanajifunika kwa mkono. Alikuwa hakimu, alikuwa dereva wa lori, mkono ni ule ule. Na mimi nina maneno yangu ninayowaambia kwa upole, nimeyasema miaka mingi: Hakuna cha kuona hapa, mzee. Basi mkono unashuka, tunaendelea na kazi.

Asubuhi ile niliamka kabla ya wenyeji, nikakaa kwenye ngazi ya kibanda changu nikitazama bwawa. Wazee watatu walikuwa wameshaingia majini, wanaongea habari za mvua. Nikajiuliza kama yale maneno ninayowaambia watu ni ya kweli. Sijawahi kuyajaribu juu yangu mwenyewe. Marehemu mke wangu aliniona, na daktari mmoja, basi. Nikasema nitayajaribu, hapa ambapo hakuna anayenijua.

Nikavua, nikateremka mpaka majini. Labda unangoja niseme kwamba nilijisikia huru. Watu wanaokwenda kule husema hivyo, na bibi Noelene alinitazama kama mtu anayengoja niseme. Hapana. Nilivua kila kitu alichonipa mama na ilichonipa serikali, nikabaki na ngozi, na mzee wa kwanza aliyenikaribia majini aliniuliza kwa adabu kabisa: "Umetokea wapi hasa?" Nikamwambia Blacktown. Akacheka, akasema anamaanisha kabla ya hapo. Kisha akasema ngozi yangu ina bahati, haiungui na jua. Mwingine akataka kujua kama kwetu watu bado wanaishi hivi, bila nguo. Wote walikuwa wema. Wote walikuwa wananitazama.

Na mkono wangu, Avelina, ulikuwa mbele. Ulikwenda wenyewe. Mkono wa hakimu na wa dereva wa lori.

Nilichojifunza ni kwamba nimekuwa nikiwadanganya wale wazee. Kipo cha kuona. Nimerudi kazini na nimeshindwa kuyasema tena yale maneno. Siku hizi namwekea mtu taulo mabegani kwanza, ndipo nafungua maji, na sisemi kitu.

Hayo siwaandikii wakwe zako. Nakuandikia wewe, kwa sababu uliuliza, hata kama uliuliza ukiomba nisijibu. Fanya nayo unavyoona. Mimi sitaandika kwamba sikuvua. Lakini kama ukoo wenu utakaa na kukubali kwamba mtu mzima alikosea mahali, akala, akaoga bwawani, akarudi nyumbani, basi tiketi ipo na mimi nipo. Nitakushika mkono na hakuna atakayeuliza mkono huo uliwahi kufunika nini.

Mwambie fundi akate.

Mjomba wako,
Dunstan


Mbeya
22 Septemba 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma peke yangu, nikaichoma jikoni. Sikumwonyesha Lusekelo wala mtu mwingine. Labda utasema nimechoma maelezo. Nimekuelewa, mjomba. Tangu utoto sijawahi kukosa kukuelewa. Nilichokosa ni kuelewa kwa nini ulihitaji kujaribu maneno yako mwaka huu, katika miaka yote uliyokaa huko, wakati ulijua Novemba nina siku moja tu.

Wewe hukutaka kumdanganya mzee mmoja wa Kizungu bafuni. Mimi nitaishi na watu hawa mpaka nizeeke. Nitapika kwenye misiba yao. Watoto wangu wataitwa kwa majina yao. Ungeandika neno moja, mjomba, nami ningelibeba mimi hilo kosa lako la kuliandika.

Kadi zimeshachapwa. Atakayenishika mkono ni binamu yake baba, yule wa Tukuyu, ambaye sijaonana naye tangu mazishi. Kikao cha ukoo kimekubali. Hakuna aliyepinga.

Kuja kwako ni hiari.

Avelina


Blacktown
12 Oktoba 2025

Mwanangu Avelina,

Marahaba. Natumaini mko wazima wote. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha, na siku zimeanza kurefuka.

Barua yako niliisoma kwenye treni nikitoka kazini, nikapitiliza kituo changu. Nimeirudia nyumbani, na nimefurahi kwa jambo moja dogo la kiualimu: sentensi yako ya mwisho ina maneno manne na haihitaji hata moja la ziada. Nilikufundisha hivyo. Umesema pia kwamba hakuna aliyepinga kwenye kikao. Mama yako alikuwamo kikaoni. Sihitaji umwambie nimesoma.

Huku Mama Bibiane alinishika baada ya ibada akaniuliza harusi ni lini, ili anipe kitenge nikuletee. Nilimwambia ni Novemba. Akanikabidhi pale pale, kimekunjwa vizuri, cha kijani. Nitakituma kwa posta. Chebet alikuwa karibu, akasikia neno harusi, akaja kunipongeza. Alisema nikirudi nimletee picha. Nikamwambia nitajaribu. Tiketi nimeirudisha.

Kuna mzee mpya kazini, mgonjwa, hana mtu, anajifunika kwa mikono yote miwili. Nimeomba niendelee naye mimi asubuhi zote za Novemba, na wamekubali.

Wewe hiari yangu umeiandika kwa maana ya kwenu, amri yenye adabu kwamba nisije, nami nimeisoma kwa maana hiyo hiyo. Sitakuja. Hutalazimika kumweleza mtu, wala kunitazama mlangoni ukijiuliza nimeelewa au sikuelewa. Lusekelo ni mtu mwema, aliichukua trei. Mshike huyo.

Nakuomba jambo moja, na ulifanye siku ile ile barua hii itakapokufikia. Kitambaa cha damu ya mzee bado ni kizima, na kitambaa kikishakatwa kwa kipimo cha mtu hakimfai mwingine. Binamu ya baba yako ni mrefu kuliko mimi. Leo, kabla fundi hajafunga, pita Mwanjelwa umwambie asikate.

Mjomba Dunstan